NANI MFICHA MARADHI?

"Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hii tumekaririshwa tangu shule ya msingi, na kila inapotajwa kidole kinaelekezwa upande mmoja tu: kwa mgonjwa. Ndiye mficha. Ndiye mjinga. Ndiye aliyeona haya mpaka mambo yakaharibika. Mimi leo nataka kukigeuza hicho kidole. Nasema hivi: mwanafunzi anayehisi kwamba huenda kaambukizwa ugonjwa wa zinaa, na haendi kupima, hajajificha. Kafichwa. Wamemficha shule yake, wazazi wake, wahudumu wa zahanati, na, mtanisamehe wenzangu wa kalamu, wamemficha pia waandishi wa rika letu.

Najua wapo watakaonuna. Nuneni, lakini msome mpaka mwisho.

Tuanze na shule. Sisi tuliopita sekondari tulisoma magonjwa haya kwenye Baiolojia, tena kidato cha kwanza. Tulikariri kweli kweli. Kisonono huletwa na bakteria gani, kaswende ina hatua ngapi, UKIMWI huambukizwa kwa njia zipi. Mtihani ukija: taja dalili nne, alama nne, umemaliza, funga daftari. Lakini je, kuna mwalimu aliyesema: wewe uliyekaa pale dirishani, ukiona dalili hizi mwilini mwako, nenda mlango fulani, siku fulani, muulizie mtu fulani? Thubutu! Mgonjwa wa kwenye kitabu alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu asiye na jina wala sare ya shule.

Halafu tulisoma kwa Kiingereza. Hapa ndipo mimi huchoka. Binti anakuandikia jina la kitaalamu la bakteria bila kukosea herufi, lakini siku akikaa mbele ya daktari hajui aseme nini. Neno "utoko" hajalisikia. Maneno ya mtaani anayajua, lakini ni matusi, hawezi kuyatamka mbele ya mtu mzima. Basi anasema, "Tumbo linaniuma." Anapewa dawa ya tumbo, anashukuru, anarudi bwenini na ugonjwa wake. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaugua kwa Kiswahili, na kati ya lugha hizo mbili kuna shimo ambalo watu wanatumbukia.

Lakini kosa kubwa la shule zetu si hilo. Kuna kipimo kimoja ambacho shule zilikijua vizuri sana kwa miaka mingi: kipimo cha mimba. Muhula unafunguliwa, wasichana wanaitwa, wanapangwa mstari. Wengine walibonyezwa tumbo, wengine walipewa kikopo cha mkojo. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Aliyekutwa na mimba alifungasha sanduku, kwa kuwa kanuni za mwaka 2002 zilimpa mkuu wa shule upenyo wa kumfukuza kwa kosa la maadili. Ni mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu waliojifungua warudi darasani. Hebu jiweke katika kichwa cha binti wa miaka 16 aliyewahi kusimama kwenye mstari ule. Neno "kupima" lina maana gani kwake? Lina maana ya kukamatwa! Na mvulana, ingawa hakupangwa mstari, aliona kwa macho yake kwamba mtu anaingia kwenye chumba cha kupimwa akiwa mwanafunzi na kutoka akiwa mshtakiwa. Leo mnamwambia binti huyohuyo kwamba kupima ni jambo zuri, aende kwa hiari yake. Aende vipi?

Kwa hiyo anafanya nini? Anasema ana UTI.

Msomaji, wewe mwenyewe ni shahidi. Mjini hapa kila mtu ana UTI. Mwasho, UTI. Maumivu ya kiuno, UTI. Kukojoa kwa kuungua, UTI, tena "UTI sugu", na wauza mitishamba wamejaa stendi wakitangaza dawa yake kwa kipaza sauti. Sikatai, ugonjwa upo. Ni maambukizi ya njia ya mkojo, na yanaweza kumpata mtu hata ambaye hajawahi kufanya ngono maishani mwake. Ndiyo maana jina hilo limependwa: halina dhambi ndani yake! Limekuwa kanga ya kujifunikia. Ubaya ni kwamba kipimo cha kawaida cha mkojo kinachotafuta UTI hakikuambii kama una kisonono au klamidia. Mtu anatoka pale na karatasi, anajua kapimwa, kumbe hajapimwa kile kilichompeleka.

Mvulana yeye ana njia yake: duka la dawa. Anaingia jioni, anasubiri wateja watoke, ananong'ona. Anauziwa vidonge vya rangi mbili, vinne au sita, kulingana na hela iliyopo. Usaha ukikatika siku ya pili, anavihifadhi vilivyobaki, au anamgawia mshikaji. Na kijiweni gono ni utani, "mafua ya wanaume", kana kwamba ni cheo. Kumbe mdudu wa kisonono ni mjanja kuliko kijiwe kizima. Penisilini ilimtibu zamani, akaizoea. Tetrasaiklini, akaizoea. Siprofloksasini nayo, akaizoea. Leo wataalamu duniani wanategemea zaidi sindano ya seftriaksoni, na hata hiyo imeshaanza kuponyoka katika baadhi ya nchi. Kila nusu dozi inayonong'onezwa dukani ni darasa la bure kwa mdudu.

Tena huyo wa kiume ana bahati kwamba mara nyingi anaona dalili, ndani ya wiki moja hivi. Wasichana wengi wenye kisonono hawaoni chochote. Klamidia ndiyo kabisa, inaishi kimya. Inaweza kupanda taratibu mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Miaka kumi baadaye, kaolewa, anatafuta mtoto hapati, mawifi wanamsema, anapelekwa kwa waganga wa kila aina, anaambiwa karogwa na shangazi. Shangazi wa watu hajafanya lolote! Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, kikapona chenyewe baada ya wiki chache, mtu akasema, "Alhamdulillahi, kimepona." Hakijapona, kimeingia ndani. Kinaweza kutulia miaka, kisha kikaibukia kwenye moyo, kwenye ubongo, au kwa mtoto aliye tumboni. Na dawa yake ni penisilini ileile iliyoanza kutumika dhidi ya kaswende mwaka 1943. Ukiwahi, mara nyingi dozi moja ya sindano inamaliza kazi. Yaani dawa ni kongwe kuliko Uhuru wetu, na bado watoto wanazaliwa na kaswende!

Sasa twende zahanati. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa kidato cha nne, nilimsindikiza rafiki yangu kwenye zahanati moja ya hapa Dar es Salaam. Jina la zahanati nalihifadhi. Tulitoroka kipindi cha mwisho, kwa sababu ukisubiri kengele, chumba cha daktari kimeshafungwa. Na ukiomba ruhusa, mwalimu wa zamu anauliza, "Unaumwa nini?" mbele ya ofisi nzima. Dirisha la mapokezi lina mama mmoja mwenye sauti ya mnadani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unasumbuliwa na nini, kijana?"

Nyuma yetu foleni: kina mama na watoto wao, na mzee mmoja wa mtaa wa kwao rafiki yangu.

"Malaria, mama."

Akaandikiwa malaria. Akaingia maabara, akatobolewa kidole, akapimwa malaria. Hana. Tukarudi nyumbani. Jamani! Kidole kilikuwa kimeshatobolewa! Damu ilikuwa imeshatoka! Matone mengine machache kutoka kidole hichohicho yangetosha kupima VVU na kaswende, na majibu yangetoka ndani ya dakika 20 au chini ya hapo. Kilichokosekana hapo si vifaa. Kilikosekana kichochoro cha mtu kusema neno moja bila kusikiwa na foleni.

Wiki iliyofuata akarudi peke yake, akajikaza, akamwambia nesi ukweli. Akajibiwa, "Umri huu na mambo haya? Kasome kwanza, mwanangu!" Kisha akaambiwa amlete mwenzie ndipo atibiwe. Sikilizeni. Kumwambia mwenzako ili naye atibiwe ni haki yake, tena ni uungwana, na bila hivyo mtaambukizana tena. Lakini kuligeuza hilo kuwa sharti la mlangoni, kwa mtoto wa shule, ni kumwambia arudi kwenye vidonge vya rangi mbili. Na huyo mwenzie akiwa msichana aliyelaghaiwa na mtu mzima mwenye gari, je? Sheria ya mwaka 1998 inamhesabu mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe kuwa amebaka. Binti wa namna hiyo anahitaji kuulizwa kama ameumizwa na kama anahitaji ulinzi. Tena anahitaji kuulizwa haraka, maana dawa za kukinga VVU baada ya tukio lazima zianze ndani ya saa 72. Akipoteza siku tatu kuogopa mdomo wa nesi, saa hizo hazirudi.

Wapo wauguzi wema, nawajua, na Mungu awazidishie. Lakini afya ya mtoto wa watu isitegemee bahati ya zamu. Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yawe siri. Mwanzoni mwenye chini ya miaka 18 alihitaji idhini ya mzazi kupima VVU. Mwaka 2019 Bunge likashusha umri huo mpaka 15, na kuruhusu watu kujipima wenyewe. Ni wanafunzi wangapi wanalijua hilo? Limebandikwa kwenye ubao gani wa matangazo? Ratiba ya usafi tumebandikiwa. Orodha ya wadaiwa wa ada tumebandikiwa. Haki hii hatukubandikiwa.

Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete alipima VVU hadharani pale Mnazi Mmoja, yeye na mkewe, kuhamasisha taifa. Lilikuwa jambo kubwa, nalisifu. Lakini tuambiane ukweli: Rais akipima anapigiwa makofi. Mwanafunzi akipima anapigiwa umbea.

Sasa nawasikia wakubwa wakisema: "Nyie vijana, mkifunguliwa milango ya kupima mtaona mmeruhusiwa kuzini." Hoja hii ni kongwe na imechakaa. Kipimajoto hakileti homa. Anayekwenda kupima hakwenda kuanza jambo, jambo limeshatokea. Dini zetu zinakataza zinaa, na sitaki ugomvi na shehe wala padri. Ila hakuna dini niijuayo inayokataza kumtibu mgonjwa. Wengine husema, "Ajali ya kujitakia haina pole." Sawa, msitoe pole. Toeni dawa.

Na wanaodhani magonjwa haya ni madogo, eti kubwa ni UKIMWI tu, nawakumbusha Mwanza. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani humo. Jamii 12 zilichaguliwa. Sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vyao vilevile vya kila siku: wahudumu wakafundishwa, dawa zikawepo. Sita nyingine zikasubiri zamu yao. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU katika zile zilizoboreshewa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Ni hapa hapa kwetu! Sababu ni kwamba vidonda na uvimbe wa magonjwa haya humrahisishia kirusi kupita. Msomi mmoja atanitajia Rakai, Uganda, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligawa dawa kwa watu wote kwa vipindi, wagonjwa na wasio wagonjwa, na VVU havikupungua. Tofauti hiyo wataalamu wameijadili sana, na siwezi kuwaamulia. Mimi nachukua hili: pale Mwanza, mlango wa zahanati ulikuwa wazi siku yoyote mtu aliyoumwa. Hicho ndicho ninachokidai kwa ajili ya mwanafunzi.

Nimalize na nyumba yetu wenyewe, fasihi. Hapa najua nitapoteza marafiki.

Nimesoma miswada mingi ya wenzangu inayozunguka mkononi. Hadithi ni moja. Binti anatoka kijijini, anakuja mjini, anapata starehe, anakohoa. Ukurasa wa mwisho daktari anavua miwani, anashusha pumzi, anasema, "Jikaze." Binti anakufa, na barua inasomwa makaburini. Ndugu zangu, hadithi hiyo ilikuwa na ukweli wake mwaka 1990, miaka michache baada ya wagonjwa wa kwanza kugundulika Kagera mwaka 1983, wakati hapakuwa na dawa na watu walikuwa wakizikana kila Jumamosi. Lakini tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU zinatolewa bure nchini. Mtu anakunywa kidonge kimoja kwa siku, anasoma, anaoa, anazaa mtoto asiye na maambukizi. Akitumia dawa vizuri mpaka kirusi kisionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzie kwa ngono. Je, mhusika wa namna hiyo yuko kwenye mswada wa nani? Wenzetu wanaendelea kuwaua wahusika kwa sababu kifo ni rahisi kuandika. Na msomaji wa kidato cha tatu akifunga kitabu, anajua kitu kimoja tu: ukipima, unakufa.

Na kisonono? Na klamidia, ambayo hata jina la mtaani haina? Hayo hayaandikwi kabisa, maana hayana jeneza. Mwandishi anataka msiba, na ugonjwa unaopona kwa sindano anauona haufai kuwa hadithi. Mimi nauliza: foleni ile ya zahanati haifai? Kijana anayesema "malaria" huku mzee wa mtaani akimtazama kisogoni, hiyo si hadithi? Siku mbili za kusubiri majibu ya maabara, mtu anakula hashibi, analala halali, hiyo si riwaya?

Tumekuwa na watangulizi wenye moyo. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kikapigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaja kusomwa shuleni humohumo. Kisha ilitoka tamthiliya ya Kilio Chetu, ikisema wazi kwamba watoto waelezwe mapema kuhusu miili yao, na wanafunzi wengi wameisoma darasani. Hao walifungua mdomo wakati ambapo kufungua mdomo kulikuwa na gharama. Sisi tunaogopa nini?

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Shule zibandike ukutani, kwa Kiswahili, mahali pa kupima, siku, saa, na kwamba majibu ni siri ya mwenyewe. Zahanati zitenge saa za jioni kwa wanafunzi, na mapokezi yaache kuuliza ugonjwa mbele ya foleni. Daktari asiishie kuuliza dalili, maana wasio na dalili ndio wengi. Mzazi ambaye hawezi kuongea na mwanawe, basi angalau asimtishe.

Na wewe mwanafunzi uliyeshika gazeti hili ukiwa na wasiwasi wako moyoni: nenda. Usiseme UTI, usiseme malaria. Sema, "Naomba kupimwa magonjwa ya zinaa." Ni sentensi fupi, ifanyie mazoezi njiani. Taja vipimo unavyovitaka: VVU, kaswende, kisonono, na klamidia kama maabara inacho. Ukiambiwa huna VVU na tukio ni la karibuni, rudi baada ya miezi mitatu, maana kipimo kinahitaji muda. Ukipewa dawa, zimalize. Nesi akikugombeza, msikilize kwa heshima, kisha rudia sentensi yako. Akikataa, nenda zahanati ya pili.

Nanyi wenzangu wa kalamu, nawapa changamoto. Toleo lijalo, mmoja wenu aniletee hadithi ya mwanafunzi aliyekwenda kupima, akakutwa na ugonjwa, akatibiwa, akapona, akarudi darasani kufanya mtihani wa Hesabu na kufeli kama wenzake. Asife. Kwa kweli, nawaombeni, mwacheni aishi. Atakayeshindwa kuiandika, basi aniandikie barua ya kunipinga, nitaijibu kwenye kurasa hizihizi.